Risasi Moja na Watu Sita: Msafara wa Lewis na Clark mbele ya Dubu, 1805

Mwezi Aprili 1805, msafara wa Meriwether Lewis na William Clark, uliotumwa na Rais Thomas Jefferson wa Marekani, uliondoka katika vijiji vya Wamandan na Wahidatsa kuendelea kuupanda Mto Missouri. Wenyeji walikuwa wamewaeleza habari za dubu wakubwa wa nyika zile. Wao hawakumwendea mnyama huyo ila wakiwa watu sita, wanane au kumi, wamejipaka rangi kama waendao vitani, na hata hivyo mara nyingi walimpoteza mwenzao.

Lewis aliyapima maneno hayo kwa silaha. Tarehe 29 Aprili, baada ya kuua dubu ambaye hata hakuwa amekomaa, aliandika katika shajara yake kwamba mnyama huyo anaweza kumtisha mwenye upinde au bunduki hafifu, lakini si mlengaji hodari mwenye bunduki nzuri. Hoja yangu ni kwamba Lewis aliuliza swali lisilo lenyewe. Aliuliza bunduki gani, ilhali wenyeji walikuwa wakimwambia watu wangapi.

Bunduki zake, pamoja na uzuri wake wote, zilikuwa za gumegume, ndugu za gobore tunazozijua huku kwetu. Mtu alimimina baruti mdomoni, akatia risasi, akashindilia. Akishafyatua mara moja, alibaki na chuma tu mkononi kwa nusu dakika au zaidi, na dubu hangoji.

Tarehe 5 Mei dubu mmoja alipigwa risasi 10, tano zikapenya mapafuni, naye bado akaogelea hadi katikati ya mto. Siku tisa baadaye wawindaji sita walimnyemelea mwingine. Wanne walifyatua pamoja, wawili wakaweka akiba risasi zao. Mpango mzuri, ambao Wahidatsa wasingeucheka! Wote wanne walilenga sawasawa, lakini dubu aliwarukia. Wawili walitupa bunduki na kujirusha mtoni kutoka ukingo wa karibu mita 6, dubu akiwafuata majini, hadi mwenzao aliyebaki nchi kavu alipompiga kichwani. Angekuwa mmoja peke yake, tusingesoma habari zake.

Lewis mwenyewe alijifunza tarehe 14 Juni. Alikuwa peke yake, amepiga nyati na kusahau kushindilia tena, dubu alipotokea hatua chache nyuma yake. Alikimbia, akaingia mtoni hadi kiunoni, akageuka na kumwelekezea mkuki wake. Dubu akaondoka, kwa sababu ambayo Lewis hakuielewa. Bunduki iliyosifiwa Aprili haikuwa na kazi yoyote siku hiyo.

Kabla ya Juni kuisha aliandika kwamba si busara tena kumtuma mtu peke yake popote, hasa vichakani. Usiku walilala na silaha ubavuni, na mbwa wao akibweka.