WAGENI WA UZIGE NA WATOTO WAO

Katika zama za misafara, ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika ilijulikana kwa jina la Uzige, na aliyetoka Bahari ya Hindi kwa miguu aliihesabu safari yake kwa miezi. Hapo ndipo Wadachi walipojenga boma mwishoni mwa karne ya 19, wakapaita Usumbura. Mfalme Mwezi Gisabo alikwisha kumzuia Rumaliza wa Ujiji asiitwae nchi yake. Basi Waswahili hawakupanda milimani kuwa watawala, bali walikaa kando ya ziwa wakifanya biashara.

Walikuwa watu wa kila namna: Wamanyema kutoka ng'ambo, watu wa Ujiji, Waarabu, Wahindi wenye maduka, na wapagazi na askari waliokwisha kazi wasirudi kwao. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na mwaka 1916 Wabelgiji wakauteka mji. Kila jambo likaleta wageni wengine.

Mgeni hana shida ya chakula peke yake. Asiye na ukoo, nani atamwosha akifa? Nani atampelekea posa, na nani atamdhamini? Majibu yalipatikana msikitini, kwa watu ambao juzi hawakujuana. Hata Mrundi aliyesilimu aliitwa Mswahili, akahesabiwa mwenyeji miongoni mwa wageni. Jina hilo wengine walilitumia kwa kejeli, wakikusudia mtu mjanja asiyeaminika. Wenyewe walilichukua hivyo hivyo, wakalea watoto kwalo.

Wabelgiji waliwatenga katika mitaa ya Buyenzi na Belge, ambao leo ni Bwiza. Nyakabiga ni jirani yao, nayo ilikaliwa na watu wa asili mbalimbali, mpaka vita vilivyoanza mwaka 1993. Hapo mitaa ya Bujumbura iligawanywa kwa kabila, na Nyakabiga ikabaki karibu na Watutsi peke yao. Wahutu waliokuwa humo walikimbia, wengine wakauawa, na nyumba zao zikakaliwa na wengine.

Buyenzi nayo haikusalimika. Mwezi wa Machi 1995 ilishambuliwa pamoja na Bwiza, na damu ikamwagika. Lakini baada ya msiba huo Wahutu na Watutsi waliendelea kukaa humo mlango kwa mlango, wakiswali safu moja na kuzikana, na vijana waliochochewa kuwatoa majirani zao waliambiwa kwamba hapo wote ni Waswahili.