Ukarimu (Bute na Kaskazini Mashariki mwa Kenya)

Ukarimu huko Bute, mji wa Kaunti ya Wajir ulio karibu na mpaka wa Ethiopia, hutegemea tabia ya mtu na pia macho ya wenzake. Wapo wenye mkono mwepesi tangu utotoni. Wanasaikolojia wameona kwamba watu wapole na wanaojali wengine kwa kawaida hugawa zaidi. Hata hivyo, mkono mzito nao hufunguka mbele ya rika. Mchango wa Kisomali uitwao qaaraan huitishwa kwa ajili ya mgonjwa au aliyefilisika, na ni aibu kubwa kujitenga nao. Mifugo ya maziwa pia huazimwa kwa familia iliyopungukiwa, kwa kuwa ukame ujao unaweza kumgeukia mwenye mifugo naye.

Ushahidi wenye uzito kuhusu nguvu ya rika umetoka kwa Waorma wa Tana River, majirani wa Garissa. Mwanaanthropolojia Jean Ensminger aliwapa fedha halisi katika mchezo wa utafiti, kila mmoja akiamua, bila wenzake kujua, kiasi cha kutia katika mfuko wa pamoja. Mara moja waliufananisha mchezo huo na harambee, wakatoa wastani wa asilimia 58 ya fedha hizo. Hivyo si haki kuuita ukarimu wao woga wa kusemwa: yaelekea desturi ya rika ilikuwa imekwisha kuingia moyoni.

Uislamu nao huruhusu sadaka ya hadharani, lakini huipa ile ya siri daraja la juu.