Watoro wa Rabai

Watoro wa Rabai walikuwa watumwa waliowakimbia mabwana zao kwenye pwani ya Kenya ya leo, hasa kati ya miaka 1875 na 1888, wakapata hifadhi katika vituo vya misheni vya Rabai, Freretown na Ribe na katika vijiji vya jirani. Watu waliowapokea walivunja sheria ya nchi, kwa kuwa utumwa wenyewe ulikuwa bado halali katika milki ya Sultani wa Zanzibar.

Neno "mtoro" latokana na kitenzi "kutoroka". Siku hizi husikika zaidi kwa mwanafunzi anayekwepa masomo, lakini katika karne ya 19 lilimtaja mtumwa aliyekimbia.

Asili ya watumwa

Mashamba ya nafaka ya Malindi, Takaungu na Mombasa yalitegemea kazi ya watumwa. Wengi wao walitoka kusini. Walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo, walioletwa kwa misafara kutoka Ziwa Nyasa hadi bandari za Kilwa na Lindi. Njia hizo zilipita katika nchi ambayo leo ni wilaya za Ruangwa, Nachingwea na Masasi.

Hali ya kisheria

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash bin Said alitia sahihi mkataba na Uingereza. Mkataba huo ulipiga marufuku kusafirisha watumwa baharini na kufunga masoko yao ya hadhara. Haukugusa haki ya mtu kumiliki watumwa aliokuwa nao tayari.

Hapo ndipo tatizo lilipoanzia. Mtu aliyekamatwa na manowari ya Kiingereza akiwa ndani ya jahazi alikuwa huru mara moja, naye angeweza kupelekwa Freretown, makazi yaliyoanzishwa karibu na Mombasa na mchungaji William Salter Price wa Church Missionary Society (CMS) kuanzia mwaka 1874. Ndugu yake aliyefika pwani mapema, akauzwa kwa mwenye shamba wa Takaungu, alibaki kuwa mali halali. Akikimbilia Freretown, bwana wake alikuwa na haki ya kumdai, na aliyemficha alihesabiwa kuwa amezuia mali ya mwenzake.

Wamisionari walikuwa raia wa Uingereza, kwa hiyo mashtaka dhidi yao yalipelekwa kwa konsuli wao Zanzibar, John Kirk. Yeye alipigana na biashara ya watumwa kwa bidii, lakini hakukubali watoro wapokewe, kwa hofu kwamba mapatano na Sultani yangevunjika na misheni zingeshambuliwa. Uongozi wa CMS nao ulikataza jambo hilo.

Waliowapokea

Katazo hilo halikufuatwa sana. J. R. Streeter, msimamizi wa Freretown, alipokea watoro, na mwaka 1880 wenye watumwa wa Mombasa walitishia kuyavamia makazi hayo. Baadaye aliondolewa. Ni haki kusema pia kwamba alilaumiwa kwa adhabu kali za viboko alizowapa watu wa makazi yake mwenyewe.

Kazi kubwa zaidi ilifanywa na Waafrika, ingawa vitabu vingi vya shule huwataja Wazungu kwanza. William Henry Jones alikuwa mmoja wa "Waafrika wa Bombay", yaani watumwa waliokombolewa baharini na kulelewa Uhindi. Alipokuwa mhudumu wa kanisa huko Rabai, watoro walikaribishwa, wakapewa mahali pa kujenga na kulima. Mwaka 1885 alifanywa shemasi na askofu James Hannington.

Huko Fuladoyo, katika nchi ya Wagiriama, Wakristo wenyeji walianzisha kijiji chao kilichojaa watoro, mbali na usimamizi wa Wazungu. Abe Ngoa na David Koi walikuwa miongoni mwa viongozi wake. Mwaka 1883 kijiji kilishambuliwa na David Koi akauawa.

Hatari hazikuwa sawa kwa wote. Mzungu alikaripiwa au kurudishwa kwao. Mwafrika aliyemficha mtoro hakuwa na konsuli wa kumtetea, na mtoro mwenyewe akikamatwa alirudi kwenye minyororo na viboko.

Fidia ya mwaka 1888

Mwaka 1888 kampuni ya Imperial British East Africa ilipoanza kutawala pwani, wenye watumwa walikuwa karibu kutumia silaha. Mwakilishi wake, George Mackenzie, aliwahesabu watoro wa vituo vyote akakuta kama 1,400, wengi wao Rabai. Badala ya kuwarudisha aliwalipa mabwana zao dola 25 kwa kila mtu. Tarehe 1 Januari 1889 watoro walipewa hati za uhuru.

Malipo hayo yalizuia vita, lakini yalikubali kwamba watu hao walikuwa mali. Watoro wenyewe, waliofanya kazi miaka mingi bila ujira, hawakulipwa chochote.

Mwisho wa utumwa kisheria

Zanzibar hali ya utumwa ilifutwa kisheria mwaka 1897, ila mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe kudai uhuru wake, na masuria hawakuhusishwa hadi mwaka 1909. Kwenye pwani ya Kenya ilifutwa mwaka 1907. Katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani waliotangazwa huru walikuwa tu watoto waliozaliwa baada ya mwisho wa mwaka 1905. Tanganyika ilisubiri sheria ya Waingereza ya mwaka 1922.

Huko Mombasa, kengele ya Freretown ingalipo kando ya barabara, na eneo hilo huitwa Kengeleni.