Kutoka Kipande hadi Lipa Namba: Malipo Dukani Korogwe na Handeni

Reli iliyoanzwa Tanga mwaka 1893 ilipowasili Korogwe mwaka 1902, na mashamba ya mkonge yakatanda kandokando yake, biashara ya nguo na shanga iliyokuwa imezoeleka katika nchi ya Wazigua, hadi Handeni, ilianza kuipisha rupia, ambayo Wajerumani waliigawa kwa hela 100 tangu mwaka 1904.

Lakini mfanyakazi wa mkonge hakulipwa kila jioni. Alipewa kipande, yaani kadi yenye nafasi 30, ambayo nyapara aliitia alama kila kazi ya siku moja ilipokamilika, na ujira haukutolewa hata alama zote zitimie. Basi mwenye duka aliyemkopesha mfanyakazi huyo unga na chumvi hakuwa na dhamana ila kadi ile na daftari lake mwenyewe, na hapo, kwa rai yangu, ndipo ilipo asili ya malipo ya kadi katika wilaya hizi.

Shilingi ya Tanzania ilikuja mwaka 1966, M-Pesa mwaka 2008, na mwaka 2021 Benki Kuu ikaanzisha mfumo wa TIPS unaounganisha mabenki na mitandao ya simu. Ewe mwenye duka unayetaka kuchagua Lipa Namba ya mtandao wa simu au mashine ya kadi, usitazame jina la mtandao peke yake: uliza makato yatamwangukia nani, na fedha yako utaitolea wapi siku ya gulio.