Uungwana ni vitendo: ni nani mwenye klasi katika historia yetu?

Kuna neno tunalitumia kila siku bila kulipima: "Ule eko na klasi." Tunalisema juu ya profesa anayeingia darasani na shati nyeupe iliyopigwa pasi vizuri. Tunalisema juu ya dada aliyevaa kikwembe kimoja tu, lakini njia nzima inageuka kumwangalia. Tunalisema juu ya mwenzetu aliyetoka Kinshasa na viatu vinavyong'aa. Lakini tukiulizana klasi ni kitu gani, kila mtu anakuja na jibu lake. Mmoja anasema nguo. Mwingine anasema feza. Wa tatu anasema ni Kifaransa cha mtu.

Leo tupitishe swali hilo katika historia, juu nchi yetu imelijibu mara nyingi, na karibu kila mara aliyelijibu alikuwa mwenye nguvu. Alisema nguo gani ni ya heshima, kisha akakaa mlangoni kuangalia nani anaingia na nani anabaki inje. Sisi wenye diploma, na ninyi mnaozitafuta, tunapaswa kuijua hadithi hiyo, maana mlango ule ungali uko.

1. Lugha yetu iliitwa lugha ya waungwana

Vitabu vya zamani havikuita Kiswahili cha mashariki ya Congo "Kiswahili." Viliandika "Kingwana." Jina hilo linatoka katika neno muungwana. Kule pwani, muungwana alikuwa mtu huru, mwenye malezi, mwenye kujua kusema na kunyamaza. Kinyume chake kilikuwa mtumwa.

Katika miaka ya 1860 na 1870, misafara ya wafanyabiashara kutoka Zanzibar na pwani ilivuka Ziwa Tanganyika, ikaingia Manyema kutafuta pembe za ndovu na watumwa. Nyangwe na Kasongo zikakua, zikawa miji mikubwa ya biashara hiyo. Mtu aliyejulikana kuliko wote ni Hamed bin Muhammed, ambaye sisi tunamwita Tippu Tip. Pamoja na misafara kulikuja kanzu nyeupe, kofia, na kitambaa cha pamba kilichoitwa merikani, kwa sababu kilifumwa Marekani. Kitambaa kilikuwa feza na alama kwa wakati mmoja: ulinunua nacho chakula, na ulionyesha nacho wewe ni nani.

Hapa ndipo jambo linakuwa la ajabu. Vijana wengi wa bara walioingia katika misafara, hata wengine waliokuwa watumwa wenyewe, walivaa kanzu, wakajifunza lugha ya pwani, wakajiita waungwana. Yaani mtu aliyenyimwa uhuru alivaa nguo ya mtu huru na kusema: mimi pia ni mtu. Tusiwacheke. Kwa mtu aliyefungwa kila upande, kanzu ilikuwa dai.

Lakini historia hiyo ina upande mwingine. Tarehe 15 Julai 1871, watu wenye bunduki wa wafanyabiashara hao walifyatulia risasi soko la Nyangwe, kando ya mto Lualaba. Mamia ya watu, wengi wao wanawake waliokuja kuuza chakula, waliuawa ao walizama mtoni. David Livingstone alikuwa pale, aliona kwa macho yake, na habari aliyoandika ilitikisa Uingereza. Kwa hiyo kanzu nyeupe na soko lenye damu vilikaa mji mmoja. Wazee wetu walituachia methali inayokata kesi hiyo kwa maneno matatu: uungwana ni vitendo.

2. Leta inakuja kuhesabu uma na visu

Waarabu walishindwa vitani kati ya 1892 na 1894, na Bula Matari akabaki peke yake. Kanzu ikashuka, kostime ikapanda. Miaka ilipita, na baada ya vita ya pili ya dunia kukawa na kundi jipya mijini: makarani, walimu, wauguzi, watu wa posta na wa reli. Wabelgiji waliwaita évolués, maana yake watu waliokwisha "kuendelea." Watu wa mtaa, kwa Kilingala, waliwaita mundele ndombe: mzungu mweusi. Ndani ya jina hilo mlikuwa sifa kidogo na kejeli nyingi.

Hao ndio mababu zetu sisi tuliosoma. Walikuwa na gazeti lao, La Voix du Congolais, lililoanza 1945 chini ya Antoine-Roger Bolamba. Mwaka huo huo Paul Lomami Tshibamba aliandika ndani yake makala yenye swali rahisi: katika dunia ya kesho nafasi yetu itakuwa wapi? Swali hilo lilimletea matatizo na wakubwa wa koloni, na baadaye alihamia ng'ambo ya mto, Brazzaville.

Jibu la leta lilikuwa karatasi. Mwaka 1948 ilileta carte du mérite civique, kadi ya raia mwema. Mwaka 1952 ikaongeza immatriculation, daraja la juu zaidi, lililomsogeza mtu mweusi karibu na sheria za mzungu. Kuipata haikuwa mchezo. Tume ilikuja nyumbani. Iliangalia sebule, jiko na choo. Iliangalia namna familia inakula, namna baba anaongea na mama, namna watoto wamevaa. Mke hakuulizwa yeye ni nani, lakini usafi wa sahani zake ulihesabiwa katika faili ya bwana wake. Katika nyumba za kijamii zilizoitwa foyers sociaux, wanawake walifundishwa kushona, kupika na kupanga nyumba ili waume wao waonekane wameendelea.

Na matunda yalikuwa nini? Katika koloni yenye watu zaidi ya milioni 13, waliopata immatriculation hadi uhuru walikuwa mia mbili na kidogo. Waliovaa kostime na kujifunza kila kitu walikuwa maelfu na maelfu. Universite zilichelewa pia: Lovanium ilifungua 1954, ya Elisabethville 1956. Wakati wa uhuru, Wakongomani wenye diploma ya universite hawakufika hata 30.

Mmoja wa wale waliopewa immatriculation alikuwa karani wa posta wa Stanleyville, mtu wa Sankuru: Patrice Lumumba. Aliipata 1954. Alikuwa amefaulu mtihani wa uma na kisu, wa sebule na wa lugha. Kisha tarehe 30 Juni 1960 alisimama mbele ya mfalme Baudouin, amevaa kostime na kravati ya kipepeo, nguo isiyo na kosa. Na kati ya mambo aliyolalamikia siku ile kulikuwa moja linalotugusa hapa: kwamba mtu mweusi alikuwa akiitwa "tu," si kwa urafiki, bali kwa sababu "vous" yenye heshima iliwekwa kwa wazungu peke yao.

Tukae hapo kidogo. Mtu ambaye leta yenyewe ilithibitisha kwamba ameendelea alikuja kusema kwamba aliyekosa adabu ni mwenye kutoa kadi. Kwa miaka mingi mzungu alikagua namna Mkongomani anashika uma, na hakujikagua namna anamsalimia Mkongomani. Ukiniuliza mimi, somo la klasi lililo kubwa kuliko yote katika historia yetu liko katika lile neno dogo, "tu."

3. Kravati inakatazwa

Tungefikiri kwamba baada ya uhuru kila mtu atavaa anavyotaka. Haikuwa hivyo. Mwaka 1971 nchi ikawa Zaïre, mwaka 1972 majina ya Kikristo yakaondolewa, na Mobutu akaleta abacost. Jina lenyewe ni Kifaransa kilichofupishwa: à bas le costume, kostime ianguke. Koti bila kravati. "Monsieur" na "madame" yakawa "citoyen" na "citoyenne." Wanawake walikatazwa suruali na nywele za bandia, ilibidi kikwembe.

Wazo lenyewe halikuwa la kijinga. Kulikuwa na kidonda cha kweli: watu walikuwa wamefundishwa kwa miaka themanini kwamba uzuri unatoka Ulaya. Lakini angalieni namna lilivyofanyika. Aliyeamua ni mmoja, waliotii ni mamilioni, na abacost za wakubwa zilizosifiwa kuliko zote zilishonwa Ubelgiji! Mwananchi alibadilisha nguo, lakini hakubadilisha nafasi yake mbele ya mlango. Nguo ya heshima ilikuwa bado ni amri.

Tarehe 24 Aprili 1990, pale N'Sele, Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja, na katika hotuba ile ile akaruhusu kravati irudi. Nchi ambayo raisi wake anatangaza uhuru wa vyama na uhuru wa kravati siku moja ni nchi inayojua kwamba nguo ni siasa.

4. Wasapeur, ao kuvaa bila ruhusa

Lakini kuna watu hawakungoja 1990. La Sape, yaani Société des Ambianceurs et des Personnes Élégantes, mizizi yake iko zaidi Brazzaville, mtaa wa Bacongo. Upande wetu sauti yake kubwa ilikuwa Papa Wemba, aliyezaliwa 1949 Lubefu, naye mtu wa Sankuru sawa na Lumumba. Alianzisha Viva la Musica mwaka 1977, na mtaa wa Matonge ukawa darasa la mavazi. Katikati ya miaka ya abacost, vijana wasio na kazi walivaa kostime za Paris na za Japani. Hakuna tume iliyowapa kadi. Walijipa wenyewe.

Wengi wanaona tu bei ya viatu. Lakini msapeur wa kweli ana sheria. Rangi zisipite tatu. Mwili na nguo viwe safi. Asipigane, kwa sababu mtu aliyevaa vizuri hapigi mtu. Kutembea kwake, kuongea kwake, kumpisha mwingine, vyote vinahesabiwa. Hapo Sape inakaribia methali yetu ya uungwana kuliko tume ya 1952 ilivyowahi kukaribia.

Tuseme pia ukweli wa upande wa pili. Kuna waliovaa koti la mishahara ya mwaka mzima huku mtoto hana feza ya masomo. Kuna waliojitupa katika njia za hatari kwenda Ulaya juu ya jina tu. Umaridadi unaomnyima mtoto wako chakula umehama kutoka nguoni na kuingia katika kosa. Papa Wemba alianguka jukwaani Abidjan tarehe 24 Aprili 2016, akiwa amevaa, akiimba. Alituachia uzuri mwingi, na swali hilo la bei pia alituachia.

5. Sasa sisi

Kanzu, kostime, abacost, kostime tena. Kila mara kulikuwa na nguo ya kuingilia, na kila mara kuna mtu aliyebaki inje juu hakuwa nayo. Leo nguo ya kuingilia ya kwetu ni ile ya kutetea memwari, ile ya kupokea diploma, ile ya kwenda kuomba kazi. Kuna wanafunzi wanaokopa kwa riba kwa sababu ya kostime ya saa mbili. Kuna wanaoogopa kuja siku ya kupokea diploma yao wenyewe, kwa sababu ya picha. Hilo si jambo dogo la kuchekea. Ni tume ya 1952 iliyoingia ndani ya vichwa vyetu. Siku hizi haina hata haja ya kugonga mlango.

Sisemi tuvae ovyo. Shati safi ni heshima kwa yule anayekutana nawe, na mama aliyekulea alikufundisha hivyo kabla ya Mbelgiji yeyote. Azima kostime kwa kaka yako, piga pasi, panguza viatu, ingia. Koti la kuazima halijawahi kumpunguza mtu.

Lakini tukitaka kujua nani kati yetu eko na klasi kweli, tuangalie mahali ambapo kanzu ya Nyangwe ilishindwa na kadi ya 1952 ilishindwa. Tuangalie namna mwenye lisansi anamsalimia zamu wa getini. Namna anavyongojea chenji ya motari bila kumtukana. Kama anafika saa aliyosema. Kama anamsahihisha mwenzake Kifaransa mbele ya watu ao pembeni. Kama dada akisema katika mkutano wetu, anamalizia sentensi yake ao anakatwa. Kama mzee asiyejua kusoma akileta karatasi ya leta asomewe, anasomewa kwa subira ao kwa kuringa.

Mambo hayo hayauzwi dukani, na hakuna raisi anayeweza kuyakataza ao kuyarudisha kwa hotuba. Pia hayahitaji diploma, na hapo ndipo panauma kidogo kwetu sisi. Bibi anayeuza ndizi sokoni anaweza kutushinda kabisa, na mara nyingi anatushinda.

Basi, kabla ya kutuma picha ya kostime mpya, kila mmoja ajiulize: yule mtu wa mwisho niliyeongea naye leo, ambaye sikuhitaji kitu kwake, nilimwita namna gani?