Baiskeli ya Mzigo Katika Nchi ya Korosho

Kabla ya baiskeli, mzigo wa Chinongwe ulisafiri kichwani. Chinongwe ni kata ya Wilaya ya Ruangwa, Mkoa wa Lindi, na Ruangwa yenyewe ilikuwa sehemu ya Nachingwea kabla ya kuwa wilaya inayojitegemea. Ni nchi ya Wamwera, wakichanganyika na Wayao, Wamakua, Wamakonde na Wangindo. Mbung'o waliifanya sehemu kubwa ya ukanda huu isifae kwa ng'ombe wala punda, ndiyo maana misafara iliyotoka upande wa Ziwa Nyasa kwenda Kilwa na Lindi ilitegemea mabega ya watu, wengi wao wakiwa watumwa. Mpagazi mzima alibeba kilo 25 hadi 30. Wajerumani walipotawala, mpira wa porini, nta na nafaka viliendelea kushuka pwani kwa njia hiyohiyo. Historia ya baiskeli katika nchi hii inaanzia kwenye uzito huo, na mnunuzi wa Chinongwe amekuwa akiipima baiskeli kwa mzigo kuliko kwa mwendo.

Chombo kilichokuja kumpokea mpagazi kilikuwa kimekamilika Uingereza mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry alitoa baiskeli ya Rover, yenye magurudumu mawili yanayokaribiana kwa ukubwa na cheni inayozungusha gurudumu la nyuma. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop akasajili tairi la kujazwa upepo. Kutokana na hayo mawili ikazaliwa baiskeli nzito ya barabara mbovu: magurudumu ya inchi 28, fremu ya bomba la chuma, usukani uliorudi nyuma kuelekea mwendeshaji, madigadi marefu, chenkava ya kukinga cheni, na breki za fito zisizotumia waya. Ilikuwa na uzito wa kilo 20 hivi. Kusini mwa Tanganyika waliotangulia kuipanda walikuwa maofisa, wamisionari na makarani, kisha walimu wa shule za misheni na wafanyabiashara wadogo. Mkulima wa kawaida aliiona ikipita, lakini fedha ya kuinunua hakuwa nayo.

Fedha ililetwa na karanga, kwa njia ambayo waliopanga mradi hawakuikusudia. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Mpango wa Karanga katika maeneo matatu ya Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Nachingwea ilipaswa kubeba sehemu kubwa kuliko zote. Msitu ulifyekwa kwa matrekta na mashine zilizoundwa kutokana na vifaru vya vita, mji ukachorwa, na reli ikajengwa kutoka Mkwaya, kwenye ghuba ya Lindi, hadi Nachingwea, kisha ikaunganishwa na bandari mpya ya Mtwara iliyofunguliwa mwaka 1954. Karanga zenyewe hazikupatikana kwa kiasi kilichotarajiwa. Mvua haikutosha, udongo uliharibu mashine, na Januari 1951 London ilitangaza kuuacha mpango huo baada ya mamilioni ya pauni kupotea. Mwaka 1955 mashamba yaliyobaki yaliingia mikononi mwa Shirika la Kilimo la Tanganyika, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa na kung'olewa.

Vitabu vingi vinasimulia mpango huo kama hasara tupu. Kwa hesabu za London ni kweli. Lakini kwa vijiji vya jirani ulikuwa pia miaka kadhaa ya mishahara ya kila mwezi, iliyolipwa kwa maelfu ya vibarua, madereva na mafundi katika eneo ambalo ajira ya namna hiyo ilikuwa haba. Wenye maduka, wengi wao Wahindi, walifuata mishahara hiyo, na baiskeli ikawa bidhaa ambayo kibarua mwenye subira angeweza kuifikia. Jambo la pili lilikuwa maarifa. Vijana waliojifunza kushika spana, kusaga chuma na kuchomelea kwenye karakana za Nachingwea hawakuusahau ufundi huo mpango ulipokufa. Pasipo fundi, baiskeli ya kijijini haimalizi mwaka.

Katika miaka hiyo jina lililotukuka lilikuwa Raleigh ya Nottingham, kiwanda ambacho mwanzoni mwa miaka ya 1950 kilikuwa kikitoa zaidi ya baiskeli milioni 1 kwa mwaka na kuuza nyingi nje ya Uingereza. Humber ilikuwa chini ya kampuni hiyohiyo. Chini ya hizo kwa bei zilikuwapo Hercules na Phillips za Birmingham. Mnunuzi wa kipato cha kati alisimama baina ya makundi hayo mawili, na chaguo lake halikuwa jepesi. Raleigh ilikuwa na fremu imara na rangi isiyochubuka upesi, lakini skrubu zake za shingo na za ekseli ya pedeli zilikatwa meno 26 kwa inchi, wakati viwanda vingi vya Uingereza vilikata 24. Kikombe cha gololi cha Phillips hakikuingia kwenye Raleigh. Aliyeishi mjini Lindi, karibu na duka la vipuri, aliweza kulipuuza hilo. Aliyeishi kijijini alilijua siku baiskeli ilipolala.

Kuhusu gurudumu, mgawanyo wa spoku ulikuwa na akili yake: 32 mbele na 40 nyuma, kwa kuwa uzito uko nyuma. Fremu nayo ilikuwa imelazwa. Bomba linaloshika tandiko lilielekea nyuma sana, magurudumu yalikaa mbali, na mwendeshaji alikaa wima. Umbo hilo ni kinyume kabisa cha baiskeli ya triathloni, mchezo wa kuogelea, kuendesha na kukimbia ulioanzia San Diego, Marekani, mwaka 1974. Huko bomba la tandiko husimamishwa ili mwanamichezo ainame mbele aukate upepo na kuitunza misuli ya miguu kwa ajili ya kukimbia, na mnunuzi yuko tayari kulipa ziada kwa kila gramu inayopungua. Katika njia ya mchanga ya Ruangwa, kilo chache zilizopunguzwa kwenye fremu hazina faida ikiwa nyuma kuna gunia linaloyumba. Urefu na ulegevu wa fremu ya zamani ndio uliomwezesha mtu mmoja kusukuma au kuendesha zaidi ya kilo 100 bila gurudumu la mbele kunyanyuka, yaani mizigo ya wapagazi watatu au wanne.

Baada ya karanga, zao lililoijaza mifuko lilikuwa korosho. Mkorosho uliletwa na Wareno kutoka Brazili hadi pwani ya Afrika Mashariki tangu karne ya 16, lakini upandaji mkubwa kusini mwa Tanganyika ulishika kasi baada ya Vita ya Pili ya Dunia. Korosho huvunwa kwa msimu, mavuno yakishamiri kuanzia Oktoba, na fedha huja mara moja kwa mwaka. Tabia hiyo ya fedha imeathiri ununuzi wa baiskeli kuliko tangazo lolote. Mkulima hununua pale malipo yanapotoka, akiwa na kiasi kimoja mkononi ambacho lazima pia kilipe ada, mabati na madeni ya njaa. Akikosea, atangoja msimu mwingine.

Mwaka 1971 Lindi ilitengwa kutoka Mtwara na kuwa mkoa, na miaka iliyofuata ilibadilisha jiografia ya kila kaya. Kusini palitangulia sehemu nyingi za nchi katika kuhamia vijiji vya ujamaa, na vita vya ukombozi ng'ambo ya Mto Ruvuma viliongeza haraka hiyo. Nachingwea palikuwa na kambi kuu ya mafunzo ya FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ambako Samora Machel alikuwa kiongozi. Watu walikusanywa kando ya barabara, wakapata shule, zahanati na visima, lakini mikorosho yao ilibaki kwenye mahame. Mashamba mengi yalirudi msituni. Uzalishaji wa korosho nchini, uliofikia takribani tani 145,000 msimu wa 1973/74, ulishuka hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Sababu zilikuwa nyingi, zikiwemo bei duni na ugonjwa wa ubwiri unga, lakini umbali ulikuwa mmojawapo wa mizizi. Aliyekuwa na baiskeli aliweza kuendelea kuokota korosho katika hame la wazazi wake, na asiyekuwa nayo akaliacha. Athari hii ya baiskeli haijaandikwa vya kutosha, na inastahili.

Wakati huohuo asili ya baiskeli madukani ilihama kutoka Uingereza kwenda China. Katika makubaliano ya kujenga reli ya TAZARA, sehemu ya gharama za ndani zililipwa kwa Tanzania na Zambia kununua bidhaa za Kichina na kuziuza kwa wananchi wao. Bidhaa hizo zilipita kwenye mashirika ya umma, yakiwemo makampuni ya biashara ya mikoa, hadi maduka ya ushirika na ya vijiji. Phoenix ya Shanghai ikawa jina la nyumbani. Kwa umbo ilikuwa ndugu wa Raleigh: inchi 28, breki za fito, karia pana. Kwa fundi tofauti ilikuwa ndogo, na hilo ndilo lililoiuza. Nchini nako kiwanda cha NABICO, Dar es Salaam, kilitengeneza baiskeli za Swala, juhudi ya dhati ya kulifanya taifa lijitegemee kwa chombo ambacho mkulima alikihitaji kuliko gari.

Juhudi hiyo ilibanwa na uhaba wa fedha za kigeni. Baada ya vita ya Kagera ya 1978 na 1979, tairi, tyubu, cheni na gololi vilikuwa adimu nchi nzima. Chaguo la mnunuzi likawa jambo la kinadharia, kwani alichukua kilichokuwapo. Mafundi walifanya kazi ya kupigiwa mfano. Tairi lililopasuka lilishonwa, kiraka kiliwekwa juu ya kiraka, na baiskeli mbili zilizokufa zikafanywa moja iliyo hai. Baiskeli nyingi za Kiingereza za miaka ya 1950 zilivuka kipindi hicho kwa sababu chuma chake kilikubali kunyooshwa na kuchomelewa tena na tena.

Milango ya biashara ilianza kufunguliwa mwaka 1984, ikapanuliwa kuanzia 1986 chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi. Sasa zikaingia za Kihindi: Hero ya Ludhiana, Avon na Atlas, zikishindana na Phoenix. Biashara ya korosho nayo ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi mwanzoni mwa miaka ya 1990, uzalishaji ulipanda tena na kuvuka tani 100,000 mwishoni mwa muongo huo. Kwa mara ya kwanza tangu uhaba ule mkulima wa kipato cha kati alikuwa na fedha na pia bidhaa za kuchagulia, na desturi ya ununuzi iliyopo hadi leo ikajengeka.

Desturi hiyo humtaka mnunuzi aende dukani na fundi. Baiskeli mpya hutoka kwenye boksi ikiwa vipande, na kazi ya kuiunga ni nusu ya ubora wake. Kwanza huangaliwa kimo: fremu ya inchi 22 kwa mtu wa kawaida, 24 kwa mrefu. Kisha hutazamwa maungio ya fremu, hasa chini ya tandiko na kwenye shingo, ambako ufa huanzia. Rimu huzungushwa kuona kama inacheza. Fundi mzuri hazikubali gololi za kiwandani hivihivi. Huzifungua, huzipaka grisi ya kutosha na kuzifunga upya, na spoku zote hukazwa kabla ya safari ya kwanza. Mwenye bajeti ya kati hamalizi fedha yote kwenye baiskeli. Hubakiza ya kununua tairi la nyuma gumu zaidi, na ya kupeleka karia kwa mchomeleaji ikaongezwe nondo. Aliyenunua ya bei ya juu na kuiacha na karia ya kiwandani amepata chombo dhaifu kuliko jirani aliyenunua ya bei nafuu akaiimarisha. Uamuzi huu wa kugawa fedha ndio ustadi wenyewe wa ununuzi.

Tangu msimu wa 2007/08 korosho zimekuwa zikiuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Mkulima hupeleka mazao kwenye ghala la chama cha msingi, na katika wilaya za Ruangwa, Nachingwea na Liwale vyama hivyo viko chini ya chama kikuu cha RUNALI, kinachoshughulikia pia ufuta. Gunia lazima lifike ghalani kwanza, na kwa wengi limefika juu ya karia. Hata wanunuzi haramu wa vijijini, wanaojulikana kama kangomba, walizunguka nyumba kwa nyumba kwa chombo hichohicho.

Baiskeli za mtumba zenye gia, kutoka Ulaya na Japani, ziliwavutia vijana. Ni nyepesi na hupanda vilima vizuri. Lakini waya za breki na za gia hujaa mchanga, rimu zake za alumini hazinyoshwi kwa nyundo, na matairi ya vipimo vyake si rahisi kupatikana mbali na miji. Kwa anayekwenda shuleni au kazini zinafaa. Kwa kubeba madumu manne ya maji hazikuundwa.

Mshindani halisi alikuwa pikipiki ya Kichina na ya Kihindi, iliyoenea kuanzia katikati ya miaka ya 2000. Bodaboda imechukua abiria, wagonjwa wanaowahishwa zahanati, na mizigo ya biashara inayolipa mafuta. Msimu wa bei nzuri, mwenye kipato cha kati huipima pikipiki kwanza. Safari za shamba, kisima na mashine ya kusaga zimebaki kwa baiskeli, kwa kuwa haziingizi fedha ya petroli. Mafundi wa Ruangwa na Nachingwea wamejifunza kuhudumia vyote viwili, na tairi la inchi 28 bado lina soko kwa sababu baiskeli nyingi zinazotembea vijijini ni za umbo lilelile lililoletwa na Waingereza, likaendelezwa na Wachina na Wahindi.