Noeli katika Butembo na Beni

Noeli ni sikukuu ya kuzaliwa kwa Yesu Kristo, tarehe 25 Desemba. Wakongo, wakiwemo wa Butembo na Beni, miji ya mashariki mwa Kongo, wanasema Noeli, kutoka neno la Kifaransa Noël, lenye mzizi wa Kilatini natalis, yaani "ya kuzaliwa". Wakenya na Watanzania kwa kawaida husema Krismasi. Salamu ni "Noeli njema" au "Heri ya Noeli", nayo "Bonne fête" husikika vilevile.

Biblia haitaji tarehe ya kuzaliwa kwa Yesu. Kumbukumbu ya kale zaidi iliyo wazi ya tarehe 25 Desemba ni kalenda ya Roma ya mwaka 354. Wengine huihusisha tarehe hiyo na sikukuu ya Jua Lisiloshindwa, wengine na hesabu ya miezi tisa tangu 25 Machi. Hoja zote mbili zina uzito.

Pango lenye hori linalotengenezwa wakati wa Noeli linakumbusha lile la Mtakatifu Fransisko wa Asizi, huko Greccio, Italia, mwaka 1223. Katika eneo la Butembo na Beni, desturi za Kikatoliki zililetwa na mapadre wa shirika la Waasumpsionisti. Jimbo Katoliki la Beni liliundwa mwaka 1959, likaitwa Butembo-Beni mwaka 1967.

Mwaka 1974 Rais Mobutu wa Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire, aliifuta Noeli katika orodha ya siku za mapumziko. Waumini hawakuiacha. Kinachouma zaidi ni Noeli ya 2021: bomu lililipuka katika mgahawa mjini Beni na kuua watu waliokuwa wakisherehekea.